Kibati Nambari Tatu

Jumatatu, tarehe 3
Mvua: mistari minne.

Daftari hili nimepewa na binti wa rada niandike mvua tu. Kila asubuhi nichungulie kikombe cha kioo alichokifunga kwenye uzio wetu, nisome mstari, niandike, nimwage. Kasema amenichagua mimi kwa sababu naamka mapema. Sijui nani kampa habari zangu. Basi mvua nimeiandika, lakini daftari lina kurasa themanini na mimi sikukaa darasani miaka minne ili niandike namba moja kwa siku. Nafasi inayobaki ni yangu.

Mtaa wetu una nyumba kumi na moja, zote zimeegemea kilima. Kilima kilichimbwa kokoto miaka mingi, wakakikata ubavu, wakaondoka. Mwaka jana kikapasuka juu, ufa mtu anaweza kutumbukiza mguu. Ndiyo maana ofisi imemleta huyu binti na mashine yake, akiangalie msimu wote wa mvua. Ukiniuliza mimi, wangeleta saruji.

Jumanne, tarehe 4
Mvua: mistari sita.

Leo nimevuka barabara nikaione hiyo rada. Iko kwenye roshani ya zahanati, imekitazama kilima. Nilitegemea dude kubwa linalozunguka kama lile la uwanja wa ndege. Kumbe ni kisanduku chembamba kama sanduku la nguo, kinateleza juu ya reli fupi, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga pasi.

"Inatuma mawimbi, bibi," kasema. "Yanavuka barabara, yanagonga kilima, yanarudi. Kila dakika mbili. Kilima kikisogea milimita moja, inajua."

"Milimita ndiyo nini?"

"Kama unene wa ukucha wako."

"Wangu au wako? Wako umeupaka rangi tabaka tatu."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mtoto ana meno mazuri, sikatai. Akaniambia zamani mashine ya namna hii ilibebwa na lori na picha moja ilichukua nusu saa. Siku hizi zipo ndogo mpaka kwenye bampa za magari, na hospitali nyingine zinazo za kuhesabu pumzi za mgonjwa bila kumgusa. Mvua haiizuii, ukungu hauizuii, giza haliizuii. "Haihitaji macho," kasema.

Nikamwambia basi inafanana na mkwe wangu, naye anafagia bila macho.

Kwa kuwa nyasi za kilima hucheza na upepo, wamesimamisha nguzo tano, kila nguzo ina kibati. Mabati matatu yamekutana kama kona ya sanduku, mdomo wazi kuelekea zahanati. Mawimbi yakiingia mle yanarudi yalikotoka, safi. Kibati nambari tatu kiko nyuma ya nyumba yetu, hatua tano kutoka dirishani kwangu. Binti kapita nyumba kwa nyumba na fundi cherehani, ambaye ndiye mjumbe wetu wa mtaa, wakasema kisiguswe. Nimesikia. Sina uziwi.

Alhamisi, tarehe 6
Mvua: mistari tisa. Bomba limetoa matope.

Ijumaa, tarehe 7
Mvua: mistari kumi na mmoja. Bomba halijatoa hata matope.

Jumapili, tarehe 9
Mvua: mistari minane.

Nyumba ina watu watano: mimi, mwanangu seremala, mke wake, na wajukuu wawili. Nguo za wiki nzima zimelala kwenye beseni zinanuka. Mkwe wangu anasema tusubiri bomba. Huyu mwanamke ni wa kusubiri. Miaka tisa yupo ndani ya nyumba hii na sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na mtu asiyepandisha sauti huwezi kujua anawaza nini.

Mimi si wa kusubiri. Nimekitazama kile kibati siku nzima mvua ikimiminika ndani yake na kutokea kwenye kitundu cha chini. Maji safi ya mbinguni, yanamwagika bure mbele ya macho yangu, na mimi nina nguo chafu! Nimechukua spana ya mwanangu, nikalegeza nati, nikakiinua mdomo kidogo tu. Kitundu nimekiziba kwa kitambaa na nta ya mshumaa. Kabla ya adhuhuri kilikuwa kimejaa ndoo moja na nusu.

Kuambiwa usiguse ni kwa watu wanaovunja vitu. Mimi sijavunja kitu.

Jumatano, tarehe 12
Mvua: mistari kumi na mitatu.

Nguo zote zimetakata. Mkwe kauliza maji nimeyatoa wapi. Nikamwambia mbinguni, kama yeye anavyoyaona. Akanitazama, akachukua beseni, akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 14
Mvua: mistari kumi na minne. Kibati kinajaa mara mbili kwa siku. Jirani wanachota dimbwini, mimi nachota kama malkia.

Jumanne, tarehe 18
Mvua: mistari kumi na tisa.

Binti wa rada amekuja kuchukua namba zake za mvua. Daftari silitoi mkononi, namsomea mwenyewe. Leo hakucheka. Kasema nambari tatu inasogea kuelekea barabarani, jana milimita nne, leo tisa.

"Na zile nyingine?"

"Zimetulia. Ndiyo inayonitatiza. Lakini siwezi kunyamaza, bibi. Nyumba yenu ndiyo iko chini yake."

Kilima kinatujia! Nimemwambia mwanangu apeleke vyeti na godoro kwa rafiki yake. Nimehangaika chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila nikikaa, nasimama.

Alhamisi, tarehe 20
Mvua: mistari ishirini na miwili.

King'ora kimelia saa nane mchana. Nyumba zote kumi na moja tumetolewa, tumepelekwa ukumbi wa shule ng'ambo ya barabara. Fundi cherehani kabeba cherehani yake kichwani kama maiti ya mfalme. Watoto wanalia, watu wazima wanagombea ukuta. Mimi nimepata kona yenye upepo.

Ijumaa, tarehe 21

Mvua sikupima. Nitaandika polepole.

Asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua dawa yangu ya presha. Polisi anayelinda kamba ya kuzuia watu alinikataza, nikampita. Nikaenda nyuma ya nyumba.

Nguzo ya nambari tatu imelala upande. Kibati kimejaa maji hadi ukingoni, udongo wa chini umelainika, na uzito ule umeivuta nguzo kidogo kidogo kila siku. Hakuna ardhi iliyosogea. Nyasi zote ziko mahali pake. Ni ndoo yangu moja na nusu iliyokuwa inasogea. Rada iliona sawasawa kabisa: iliniona mimi.

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Halafu nikafanya jambo ambalo ndilo baya kuliko la kwanza. Nilimwaga maji. Nilitoa kitambaa na nta. Nilisimamisha nguzo, nikashindilia mawe chini, nikafunga nati, nikafuta alama za miguu yangu kwa fagio. Nikachukua dawa nikarudi ukumbini, na walioniuliza mbona nina tope nikawaambia nimeteleza.

Jumamosi, tarehe 22
Mvua: mistari mitano.

Wakubwa wa ofisi wamekuja na magari mawili. Wamepanda kilima, wameshuka. Hakuna ufa mpya, nguzo imesimama wima. Wametuambia turudi majumbani. Fundi cherehani kamsubiri binti mbele ya watu wote.

"Siku mbili tumelala sakafuni! Mashine yako inaona majini?"

"Sijui kilichotokea, mjumbe. Bado natafuta."

"Hujui! Basi ukijua, tuletee habari kwa barua, king'ora chako kaa nacho."

Wakacheka. Mwanangu naye kacheka, nikamsikia. Binti alikuwa anakunja waya, anakunjua, anakunja tena. Nilitazama pembeni.

Jumanne, tarehe 25
Mvua: mistari saba. Sikulala.

Jumatano, tarehe 26
Mvua: mistari kumi.

Binti amekuja. Nikamsomea mvua. Alipomaliza kuandika hakuondoka.

"Bibi, nambari tatu imerudi mahali pake. Kilima hakirudi nyuma. Kuna mtu aliigusa?"

"Sijaona mtu," nikasema. Na ni kweli, mtu hajioni mwenyewe. Ona nilivyo mjanja, uzee huu.

Kasema ofisi imeandika kwamba mashine ina kasoro, na itaondolewa Jumatatu tarehe 7. Yeye mwenyewe atapelekwa kukaa ofisini kupanga mafaili. Kaniambia kwa sauti ndogo, "Labda mimi ndiye sijui kuisoma." Nilimpa chai. Chai! Ndiyo nilichokuwa nacho cha kumpa.

Ijumaa, tarehe 28
Mvua: mistari kumi na minane. Nilitaka kumwambia mwanangu wakati anaranda mbao. Alipozima mashine nikamwambia kiatu chake kimetoboka.

Jumapili, tarehe 30
Mvua: mistari ishirini na mitano.

Mtaani wamempa binti jina, "King'ora". Watoto wanamwimbia akipita. Wajukuu wangu pia. Nimewachapa fimbo ya miguu wote wawili, na mama yao alisimama mlangoni akanitazama. Naona ananionaga vibaya siku hizi. Au ni mimi.

Jumanne, tarehe 1
Mvua: mistari thelathini na mmoja. Kikombe karibu kifurike. Ukungu mzito, kilima hakionekani kabisa.

Jumatano, tarehe 2
Mvua: mistari thelathini na minne.

Binti kapita nyumba kwa nyumba, kaloa mpaka mifupani. Safari hii vibati vyote vitano vinasogea. Asubuhi milimita tatu, jioni kumi na moja. Ofisi imepiga simu mara mbili kwa mjumbe, mjumbe kasema watu wake wamechoka kuchezewa. Mwanangu kamjibu mlangoni, "Dada, tukitoka tena wezi watatumalizia hata milango." Akafunga.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango huohuo.

Ijumaa, tarehe 4

Mvua sijui. Kikombe hakipo tena, wala uzio.

Naandika ya jana, nikiwa ukumbi wa shule. Alfajiri, kabla ya chai, mkwe wangu aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akabaki amesimama. Hajawahi kuingia bila kubisha.

"Mama, inabidi tutoke."

"Mwambie mumeo."

"Nimemwambia. Hanisikii. Anasema rada ilidanganya." Akashusha sauti. "Haikudanganya, mama. Siku ile nilikufuata, nilihofia presha yako. Nilikuona kutoka dirisha la jikoni. Nilikuona unafagia."

Wiki mbili! Wiki mbili ananiletea chai, ananitandikia kitanda, na analo.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nikisema mimi, ni mkwe anayemsingizia mama mkwe. Mume wangu atanifukuza, na watu watasema nilikuwa nalitafuta hilo siku nyingi. Ukisema wewe, watasikia." Halafu akapandisha sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, mpaka nikashtuka: "Watoto wangu wanalala ukuta huu! Ukuta huu hapa!" Akaupiga kwa kiganja.

Nikavaa viatu.

Watu walikuwa wamejikusanya barazani kwa fundi cherehani, binti amesimama kwenye mvua anaongea, nao wanamjibu kwa zamu.

"Kilima chenyewe hatukioni kwa ukungu," fundi anasema, "wewe unakionaje?"

"Sikioni mimi. Rada inakiona. Kimeenda milimita arobaini tangu usiku wa manane."

"Kama ilivyokiona wiki ile?"

Kicheko. Nikapanda ngazi ya baraza.

"Nyamazeni," nikasema. "Wiki ile rada haikukosea. Mimi ndiye nilikigeuza kibati kuwa karai."

"Karai?" fundi kauliza.

"Karai! La kukingia maji ya kufulia. Nilikiinua mdomo, nikaziba kitundu, maji yakajaa, nguzo ikalala. Binti akaona inasogea, na kweli ilikuwa inasogea. Mlipotolewa nikarudi kwa siri nikaisimamisha, asijue mtu."

Mtu mmoja akacheka, akakikatiza kicheko mwenyewe. Mwanangu kaniita "Mama" kama anavyomwita mtu anayetembea usingizini.

"Sijarukwa na akili," nikamwambia. "Usinitazame hivyo."

Fundi cherehani uso ulimvimba. "Umetulaza sakafuni siku mbili kwa ajili ya nguo zako chafu? Mtu mzima kama wewe?"

"Siku mbili. Na nikamwacha mtoto wa watu mnamtukana, nikamnywesha na chai. Haya, nimekwisha kuaibika, haiongezeki. Mtabaki hapa kunishangaa, au mnachukua watoto? Maana mashine ile ilihisi ndoo moja ya maji kutoka ng'ambo ya barabara. Kama imehisi ndoo, kilima itakikosa?"

Nikasikia mvua tu kwenye mabati. Kisha fundi akageuka, akakamata upande mmoja wa cherehani, akamfokea jirani yake, "Umesimama nini? Shika huku!"

Hapo ndipo mtaa ulipotoka. Mkwe alikuwa tayari ameshabeba mdogo mgongoni na mkubwa kamshika mkono. Mwanangu alikuwa wa mwisho, alitaka randa yake, nikamvuta kwa kola ya shati kama nilivyokuwa nikimvuta akiwa na miaka mitano. Ilikuwa saa tatu.

Saa tano na dakika arobaini tulisikia. Haikuwa kama radi. Ilikuwa kama lori linamwaga kokoto, na lori lenyewe haliishi kumwaga. Hatukuona kitu, ukungu ulikuwa mweupe hadi dirishani. Binti ndiye aliyeona, kwenye kioo chake. Alikuja mlangoni mwa ukumbi akasema, "Kimeshuka," akakaa chini palepale sakafuni.

Ukungu ulipoinuka alasiri tukaenda hadi kwenye kamba. Nyumba saba hazipo. Yetu imebaki ukuta wa mbele na kalenda juu yake. Chumba changu, jiko, na kile chumba cha watoto, ni tope na mawe makubwa kama ng'ombe. Tumehesabiwa mara tatu. Hakuna aliyepungua.

Mwanangu hajasema nami tangu jana. Alikaa anatazama pale ilipokuwa karakana yake, halafu akalivua koti lake, akalitupa mabegani kwangu bila kunitazama. Fundi cherehani ananiita Bi Karai mbele ya watu. Namwacha.

Jumapili, tarehe 6

Nimemtafuta binti tangu jana, ananikwepa. Leo nimemkuta roshani ya zahanati, mashine bado inapiga pasi, maana nusu ya kilima imebaki na haijatulia. Nilisema nisamehe. Nimeliandika hapa vilevile nilivyolisema: nisamehe. Tazama herufi zilivyopinda.

Hakunirahisishia. "Bibi, niliandika barua ya kuacha kazi. Nilikaa nikijiambia mimi ni mjinga, siku kumi na tatu. Na wewe ulikuwa unanisomea mvua."

"Ndiyo."

"Kila mara nilipokuja."

"Ndiyo, mwanangu. Kila mara."

Akafuta macho kwa mkono wa sweta. Halafu akatoa fomu. Ofisi inataka kujua sababu ya tahadhari ya kwanza kabla ya kuamua kama mashine zipelekwe vilima vingine viwili, ambako nako watu wanalala chini yake. Akazungusha kalamu vidoleni.

"Naweza kuandika 'sababu haikujulikana'," kasema. "Watu wamepona. Hakuna atakayeuliza zaidi."

Ningekuwa yule wa wiki tatu zilizopita, ningeipokea hiyo kama zawadi na kuitafutia na jina zuri. Nikamwuliza, "Ukiandika hivyo, wale wa vilima vingine wataiamini?"

Akaacha kuizungusha kalamu.

"Andika mimi," nikasema. "Andika karai, andika nta, andika fagio. Usiache fagio."

Akaandika yote, akanisomea. Nikaweka jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi mahali pawili.

"Kuna nafasi ya shahidi," kasema. "Kuna mtu alikuona?"

"Hakuna," nikajibu haraka. "Nilikuwa peke yangu."

Mkwe wangu alikuwa nyuma yetu, ameniletea dawa na kikombe cha maji. Alikiweka kikombe mezani.

"Mimi nilimwona," kasema.

Nikamgeukia. "Wewe nyamaza. Utaulizwa kwa nini hukusema, na mumeo atajua."

"Na wewe utaulizwa, mama. Tutakaa benchi moja." Akachukua kalamu mkononi mwangu, akavuta fomu upande wake, na kwa kuwa nilikuwa nimeziba meza, akanisukuma kidogo kwa kiwiko apate nafasi ya kuandika. Nikasogea.